Jeep ya Kunifikisha kwa Mdogo Wangu

Samaki hanidanganyi. Ninamfunua shavu, ninambonyeza jicho, ninamnusa mgongoni, na kabla mwenye mtumbwi hajamaliza kuapa kwamba amemvua asubuhi hii hii, nimeshajua samaki yule amelala wapi. Ndivyo nilivyolisha watoto wangu hapa Kisangani, kwa pua na kidole. Lakini jeep haina mashavu. Siku mjukuu wangu aliposema anataka kununua jeep yake ya kwanza, na kwamba lazima twende wote kuichagua, nilijiuliza: huyu nitambonyeza wapi?

Mjukuu huyu nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, yuko Kindu kwa mume wake, na mtoto alibaki kwangu tangu alipoanza shule. Mimi niliacha katika darasa la tatu, kalamu ninaishika kama mtu anayeshika mwiko wa moto. Yeye amemaliza chuo kikuu, mambo ya kilimo, na siku alipopewa diploma nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna mama amezimia. Sasa ananunua mpunga na kahawa vijijini, anakuja kuuza mjini. Miaka yote ya biashara hiyo amekuwa akipanda pikipiki za watu na kulala juu ya magunia katika malori ya watu. Ameungua jua, amenyeshewa, amevunjika kidole cha mguu, na hakulia. Ninajivunia. Asiyetaka kusikia hayo afunge masikio.

Kwetu bibi na mjukuu wanataniana. Mimi nilikuwa mke wa babu yake, naye tangu mdogo alijidai kwamba ni mke wa babu yake vilevile, basi mpaka leo ananiita mbanda, yaani mke mwenzake. Anaweza kuniambia maneno ambayo mtoto wangu wa kuzaa akiyasema nitamrushia sufuria.

"Mbanda," aliniambia jioni ile, mdomo umejaa lituma yangu ya ndizi za kutwanga, "jeep ile iko ya namna tatu. Ni jeep moja, uso moja, lakini ya kwanza iko ya base, haina makuu. Ya pili iko ya katikati. Ya tatu iko ful opsio, kila kitu iko ndani."

"Kila kitu nini?"

"Baridi, muziki, viti ya ngozi, na kioo juu ya kichwa ya kuangalia mawingu."

"Mawingu ya kuangalia juu ya nini? Mvua ikinyesha si nitaisikia?"

"Alors, ya base?"

"Sijasema ya base. Sijaona hata moja. Meza kwanza chakula."

Sasa, kwetu mtoto hafanyi jambo kubwa bila noko, yaani mjomba, ndugu wa mama yake. Akiolewa, noko yuko. Akizikwa, noko yuko. Akinunua jeep, noko atakuja hata kama hakuitwa. Noko wa mjukuu wangu ni kitinda mimba changu mimi mwenyewe, mtu wa ofisi za serikali ya jimbo, viatu vinang'aa kuliko dirisha. Anakwenda kazini amekaa nyuma ya baiskeli ya toleka, yaani ya kukodi, na chini ya makalio anatandika kitambaa cha mfukoni ili suruali isishike vumbi. Alipofika hata hakunywa maji.

"Mama," akasema, "mutoto wa kwanza wa jamaa kununua jeep hawezi kununua ya base. Watu watasema nini? Miye, noko yake, nitashuka ndani ya kitu kama ya kubeba wafungwa?"

"Noko," mjukuu akamjibu, "weye utashuka wapi? Jeep iko ya kwenda kutafuta mpunga."

"Na siku ya Mungu? Na harusi? Na matanga? Ful opsio, basi. Nimesema."

Mimi niliwaachia ubishi wao. Nilikuwa na sababu yangu.

Nina mdogo wangu mmoja tu aliyebaki. Tumbo moja, ziwa moja. Yuko upande wa Yahuma, katika kijiji tulikozaliwa, na kiuno chake kimekataa safari. Mara ya mwisho mimi ndiye niliyemfuata: mashua ya mbao mpaka Isangi, halafu pikipiki, na pikipiki ikaniangusha katika kijito pamoja na chumvi niliyokuwa nimembebea. Chumvi ikaenda na maji, na magoti yangu ni kama yaliifuata. Tangu hapo tunapendana kwa simu kama vijana. Ili kupata mtandao anapanda juu ya kichuguu nyuma ya jiko lake, na kwa kuwa haamini kwamba simu inafikisha sauti, anapiga kelele ya kuitia mtu ng'ambo ya mto.

Nilipompa habari ya jeep, akapiga kelele zaidi, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya! Usinichekeshe! Malori inakuya mpaka kwa ile burbie, ile shimo ya matope ya kwa daraja ya miti, inazama, watu wanashuka, wanapika, wanakula, banamuke wanazaa mule mule! Weye na jeep yako mutafika wapi?"

"Tutafika kwako."

"Utafika kwangu ndani ya sanduku!"

"Basi anza kuchimba shimo, muvivu weye!"

Tulicheka mpaka nikasikia kuku wake wanakimbia. Kisha akanyamaza. Mdogo wangu kunyamaza ni jambo la kutisha, maana hata usingizini anasema. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo simu ilikaribia kuiangusha njiani, akasema, "Yaya, mi njo nazeeka vile. Kuya unione."

Toka siku ile kila jeep iliyopita mbele ya meza yangu sokoni niliitazama usoni na kuiuliza swali moja: weye, utanifikisha?

Tulikwenda kuchagua siku ya Jumamosi, sisi watatu. Mwenye motoka alikuwa mfanyabiashara kutoka pande za Butembo, mtu wa misa ya kila asubuhi, ameweka rozari katika kioo cha kila motoka anayouza. Uwanja wake ulikuwa na ukuta mrefu na mchanga uliofagiliwa vizuri kama wa padri. Na pale, chini ya paa la mabati, jeep tatu zimepangwa, pua zinafanana kama watoto wa mama mmoja.

Nilimsalimia, nikamwambia mapema ili tusipotezeane siku. "Papa, sikia. Kwetu mutu haingiye kijijini mikono mitupu, na hatoke mikono mitupu. Tunaenda na chumvi na sabuni. Tunarudi na mafuta ya mawese, samaki ya moshi, kuku, pengine na mbuzi. Njo kazi ya hii motoka. Nionyeshe ile inaweza."

"Mama, zote zinaweza. Ni jeep."

"Na samaki zote ni samaki, papa. Fungua tu mulango."

Noko alikuwa ameshasimama kwenye ful opsio. Nyeupe, nyeupe ya komunyo ya kwanza. Magurudumu makubwa yanametameta, na ubavuni imevikwa kama sketi iliyoshuka karibu kugusa mchanga. Ndani viti vya ngozi rangi ya maziwa, na chini zulia rangi hiyo hiyo, laini, la kumfanya mtu aone haya kuwa na miguu. Niliingia bila shida, maana ilikuwa chini. Mfanyabiashara akabonyeza kitu, na kiti kikaanza kuninyanyua chenyewe.

"Nzambe na ngai!" Nilishika tai ya mwanangu, karibu nimnyonge. "Inaninyanyua!"

"Mama, achia! Achia! Njo ful opsio ile!"

Halafu baridi ikaanza kunipuliza usoni, pole pole, na muziki ukatoka nyuma ya masikio. Sitasema uongo. Nilikaa mule kama askofu siku ya kipaimara. Kama mdogo wangu angekuwa anaishi karibu na kanisa kuu, ningesema lipa, twende.

Mjukuu yeye alikuwa amechuchumaa nje, anachungulia chini ya tumbo la motoka kama ninavyochungulia mimi chini ya shavu la samaki. "Noko, hii iko ya lami," akasema. "Angalia mipira, nyembamba kama mukaba. Na hii sketi, itabaki kwa shimo ya kwanza."

"Weye unaangaliaka chini tu. Angalia juu!"

"Barabara iko juu?"

"Mama amesema kubeba mafuta. Bon. Nitakuonyesha kama haibebi."

Na kweli akatoka getini, ambako kulikuwa na mama mmoja anauza mafuta ya mawese, akaazima bidoni, dumu zima limejaa. Kila mtu wa hapa anajua namna ya kufunga bidoni: unaweka kipande cha sashe, mfuko wa plastiki, chini ya kifuniko, unakaza, halafu unaipiga kofi la juu kumaliza kazi. Ufundi huo unatosha juu ya baiskeli. Unatosha ndani ya mtumbwi na juu ya kichwa. Mafuta yakitoka kidogo huko, yametoka, nani atauliza? Mwanangu akaweka sashe, akakaza, akapiga kofi kwa nguvu za mtu wa serikali, akaisimamisha bidoni katikati ya viti, juu ya zulia la maziwa.

"Papa, tuweke kwanza plastiki chini," mfanyabiashara akasema.

"Ya nini? Mutu ya ful opsio atembee na plastiki?"

"Ni wazo tu, papa."

Mfanyabiashara mwenyewe akashika usukani, akatupeleka katika ile avenyu ya nyuma ya ukuta wake, ambayo mvua imeichimba kama panya alivyochimba mkate. Shimo la kwanza, sashe ikavumilia. Noko akageuka kunitazama, amejaa ushindi. Shimo la pili, kifuniko kikaruka mpaka kwenye kioo cha mawingu.

Mafuta ya mawese hayamwagiki kama maji. Yanatoka kwa furaha. Yalipiga zulia, yakapiga kiti, yakapanda suruali ya mwanangu mpaka mahali ambapo mama hapaswi kupataja, na tone moja likaenda kutulia juu ya ile televisheni ndogo ya mbele. Baridi iliendelea kutupuliza, na mwimbaji nyuma ya masikio aliendelea kumlilia mpenzi wake.

"Yezu Maria," mfanyabiashara akasema taratibu.

"Simamisha, papa," nikamwambia. "Nani iko na unga ya muhogo?"

Unga wa muhogo unakunywa mafuta, kila anayepika anajua. Tukarudi uwanjani, mama wa getini akatoa unga, nikaumwaga juu ya zulia kama mtu anayetaka kusonga fufu mule. Noko akavua viatu, akakunja suruali, akapiga magoti, akaanza kusugua. Mama wa getini alikuja kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Papa ya ofisi," akamwita, "unakaanga motoka ao unapika?"

"Nenda kuuza mafuta yako!"

"Mafuta gani tena? Si yote iko kwako?"

Mwenye motoka alijaribu kukasirika, niliona anavyojitahidi, lakini uso ulimshinda. Alicheka mpaka akashika rozari. Unga ulikunywa, sabuni ikamaliza, likabaki doa jekundu dogo kama sarafu, akasema ataliwekea kapeti juu yake. "Na harufu, mama," akasema, "harufu ile ni ya jikoni kwa mama yangu. Pengine nitaongeza bei."

Noko hakutaja tena ful opsio. Alikaa juu ya tofali, anakausha suruali, anaangalia upande wa mto.

Basi tukaja kwenye ile ya katikati. Hii ilikuwa ya kijani, viti vya kitambaa, baridi ipo ya kiasi, na ubavuni ilikuwa na kikanyagio kirefu cha chuma, mtu anaweka mguu hapo kwanza ndipo anaingia. Nilikanyaga mara moja, nikashika mpini, nikawa ndani. Bila kuguna! Nikashuka, nikapanda tena kwa raha ya kupanda tu.

"Hii," mjukuu akasema palepale. "Papa, tunachukua hii."

Haraka ile haikunipendeza. Mtoto huyu nimemfundisha kununua mimi. Hanunui hata nyanya bila kuipindua. Kwenye ful opsio alichuchumaa mpaka magoti yakashika mchanga. Kwenye hii hakuangalia chini, hakufungua mbele, hakuuliza kitu. Alikuwa ananiangalia mimi miguuni.

Nikamshika mfanyabiashara mkono, nikamvuta pembeni. "Papa, weye iko mutu ya misa. Hii motoka inapita burbie? Ile ya kuzamisha malori?"

Akajikuna shingo. "Mama, ni motoka muzuri. Kwa barabara kavu, muzuri sana."

"Sikuuliza barabara kavu."

"Kile chuma unachokanyaga, kinashuka chini. Njia ya malori ina mifereji. Chuma kinakaa juu ya udongo, gurudumu linabaki hewani, linazunguka bure. Na hata tukikifungua, hii haina krabo ya mkono. Iko na kitufe tu, na kitufe hakipendi maji."

Krabo ni ule mkono mdogo wa pili karibu na gia. Dereva akiuvuta, magurudumu yote manne yanaamka kufanya kazi. Hilo nililijua, maana nimesikia madereva sokoni wakisifia krabo kuliko wake zao.

Nikarudi kwa mjukuu. "Mbanda, uliniambia weye njo umesoma. Motoka gani itafika kwa mudogo yangu?"

"Hii iko muzuri, Koko." Hakusema mbanda. Akisema Koko, yaani bibi, kwa heshima namna hiyo, ujue anaficha kitu.

"Sikuuliza muzuri. Ile ya kufika?"

Akasogeza midomo tu, akaielekeza kule mwisho wa paa, kwenye ile ya base.

Ile ya base! Rangi ya vumbi kabla hata haijaenda kwenye vumbi. Vioo vinashushwa kwa kuzungusha mkono. Magurudumu ya chuma cheusi. Yakipinda, fundi wa kijijini anayanyoosha kwa nyundo. Chini hakuna zulia, ni mpira mtupu, unamwaga ndoo ya maji, unafagia, umemaliza. Mipira minene yenye meno kama mamba. Krabo imesimama pale kati kama kidole cha mwalimu. Na nyuma, mahali pa mizigo pakubwa, mbuzi angeweza kualika wenzake. Ilinipendeza kama kambare anayepiga mkia.

Lakini ilikuwa juu. Mama wee, ilikuwa juu! Kizingiti cha mlango kilinifika karibu na kiuno, na hapakuwa na cha kukanyaga.

"Unaona?" mjukuu akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Hii inafika, lakini weye hauingie. Ile unaingia, lakini haifike. Miye niliona afadhali uwe unapanda kila siku kwenda misa, mudogo yako tutamutafutia njia ingine."

"Njia ingine gani? Anikute mbinguni? Toka hapo."

Niliweka mguu, ukarudi. Nikashika mpini, nikajivuta, nikabaki nimening'inia kama popo wa sokoni, mguu mmoja mbinguni, mwingine kwa Adamu. Kilichokosekana ni mtu wa kunisukuma nyuma. Na hapo ndipo tulipokwama, maana nani anisukume? Mwanangu wa kiume akinishika makalio ni aibu ya kutoa mbuzi na kuomba radhi kwa ukoo. Alikuwa ameshageuza uso ukutani, yeye na suruali yake. Mfanyabiashara ni mume wa mtu, na siku iliyofuata ilikuwa Jumapili.

"Noko, saidia basi!" mjukuu akaita kwa utundu.

"Na mama yangu? Unanitakia kifo?"

"Mubaki vile," nikasema toka juu. "Mutanikuta hapa Krismasi."

Ndipo mjukuu wangu alipoanza kucheka. Alikuja nyuma yangu, akapiga goti moja mchangani, akapiga paja lake kofi. "Mbanda, kanyaga hapa."

"Nikanyage diploma?"

"Kanyaga! Si ulinibebaka mugongoni mpaka nikakojolea kitenge yako? Kanyaga, minasukuma ile kitu babu alikuwa anasifu."

Mama wa getini alipiga kelele ya furaha. Mjukuu peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kusema vile, na ya kufanya vile. Nikakanyaga paja lake, akanisukuma kwa mikono miwili bila haya hata kidogo, huku anahesabu kama wapakuzi wa bandarini, na mara nikawa ndani, nimeanguka juu ya kiti, kilemba kimeziba jicho moja. Kiti kilikuwa kigumu kama benchi ya shule. Hakikunyanyuka. Nikaona barabara yote mbele yangu, ukuta, paa za jirani, na kipande cha mto.

"Papa," nikamwambia mfanyabiashara, "andika."

"Koko, kila safari itakuwa hivi," mjukuu akasema, anajipangusa mchanga. "Kupanda, kushuka, kila pahali ya kusimama."

"Weye iko na haraka ya kwenda wapi?"

Tuliondoka mvua zilipopumzika kidogo. Noko akasema lazima naye aende, jambo la ukoo, akakaa nyuma na chumvi na sabuni, amevaa suruali nyeusi safari hii. Bac, pantoni yetu, ikatuvusha mto mpaka Lubunga, halafu barabara ikaanza kuwa barabara ya kwetu. Kila tuliposimama, mjukuu alishuka, akapiga goti, akanishusha. Tukimaliza, akapiga goti, akanipandisha. Kwenye kivuko cha Lomami watu walikusanyika kutazama, na bibi mmoja akamwomba mjukuu wake ajaribu naye. Wakaanguka wote wawili. Tukawasifu hata hivyo.

Ile burbie tuliikuta kama ilivyosimuliwa. Lori moja limelala ubavuni humo, watu wake wamewasha moto kando, sufuria iko jikoni. Matope yalikuwa mekundu, mazito, yenye mifereji ya kumficha mtoto. Mjukuu akasimamisha motoka, akashuka, akatembea mule na fimbo, anapima, matope mpaka magotini, dereva wa lori anamcheka.

"Mademoiselle, rudi! Hata miye imenishinda!"

"Weye uliingia na haraka, tonton," akamjibu, akarudi, akavuta krabo. Nikasikia kitu kimeshikana chini yetu, kama meno. Noko nyuma alikuwa anasali kwa Kifaransa. Motoka ikainama upande wangu mpaka nikaona mizizi usoni, ikainuka, ikapiga chafya, ikatembea. Pole pole, tumbo juu ya matope, haikugusa. Tulipotoka ng'ambo watu wa lori waliacha sufuria wakapiga makofi. Mimi nilitoa kichwa dirishani nikawaambia huyu ni mjukuu wangu, na nikarudia, kwa sababu wengine walikuwa mbali.

Tulifika saa ya kupika. Watoto walitangulia mbio, halafu mbwa, halafu mdogo wangu, na fimbo yake, mdogo kuliko nilivyomwacha, mweupe kichwani kama mimi. Nilitaka kushuka haraka, nikasahau paja la mjukuu, nikateleza, nikatua katika mikono ya mdogo wangu na ya mjukuu pamoja. Tukabaki tumeshikana, sisi watatu, katikati ya harufu ya matope na moto. Mdogo wangu hakupiga kelele. Kwa mara ya kwanza hakuhitaji kuitia ng'ambo ya mto. Alinishika uso, akanibonyeza shavu kwa kidole gumba kama tunavyobonyeza samaki kwetu, akasema, "Bado muzima."

"Na weye bado muzima."

Tulikula, tukasema, tukawacheka wafu na wazima. Asubuhi mjukuu akapakia magunia ya mpunga aliyokuja kununua, akayapanga vizuri mpaka juu ya viti vitupu vya nyuma, na Noko akafunga kuku wa zawadi. Mimi nilikwenda ndani kumuaga mdogo wangu, moyo mzito. Nikamkuta amekaa kitandani, amevaa kitenge kipya, viatu mguuni, na mbele yake furushi limefungwa, sufuria juu, na juu ya sufuria mkeka.

"Ile iko nini?"

"Mizigo yangu."

"Na kiuno?"

"Kiuno inauma hata nikikaa hapa. Ikaumie mujini. Mutoto amesema motoka iko na viti tano, na miye nimeona vichwa tatu. Munaachia nani ile nafasi?"

Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Aliangalia furushi, akaangalia sufuria, akamwangalia bibi yake mdogo kutoka viatu mpaka kilemba. Alikwenda nje, nikasikia anamwita noko wake, na gunia la kwanza la mpunga likashuka chini, pu.